Kwa nini helikopta ya wagonjwa huenda isije usiku wa mvua, na la kufanya badala yake

Msimu wa mvua unapoanza, swali hili huulizwa na wengi: mgonjwa yuko hoi, barabara imegeuka tope, na hospitali kubwa iko Eldoret. Kwa nini basi helikopta isitumwe mara moja, hata kama ni usiku?

Makala haya yanaeleza sababu. Yanaeleza pia kile ambacho familia, wahudumu wa vituo vya afya na viongozi wa mashinani wanaweza kufanya ili mgonjwa afike hospitalini akiwa hai, helikopta ije au isije. Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba rubani anaposema "hapana" kwa sababu ya giza na hali mbaya ya hewa, hajamtupa mgonjwa. Anazuia ajali ambayo ingemuua mgonjwa huyo pamoja na rubani, muuguzi na daktari waliokuja kumchukua.

Kwa nini suala hili linatuhusu

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, MTRH, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Leo inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti nyingi za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na wengine kutoka nchi jirani. Kwa hiyo barabara na njia za angani za wagonjwa mahututi katika eneo hili lote huelekea Eldoret, mji uliopandishwa hadhi na kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, huduma za ambulensi ni jukumu la serikali za kaunti. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ipo usiku na mchana. Ila namna ya kuitimiza saa nane za usiku, ukungu ukiwa umefunika Timboroa, si sawa na namna ya kuitimiza saa nane za mchana jua likiwaka.

Mfano wa karibu ni maporomoko ya ardhi ya Chesongoch, Marakwet Mashariki. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yalishuka kutoka kwenye ukingo wa bonde na kufunika nyumba watu wakiwa wamelala. Barabara zilikatika. Siku hiyo ya Jumamosi, serikali ilitangaza kwamba zaidi ya watu 25 waliojeruhiwa vibaya walikuwa wamesafirishwa kwa ndege hadi Eldoret kwa matibabu maalumu. Helikopta ziliokoa maisha siku hiyo. Lakini mvua na giza vinavyosababisha janga kama hilo ndivyo pia vinavyoizuia helikopta kufika saa ile ile janga linapotokea. Kati ya saa hiyo na mapambazuko, maisha ya majeruhi huwa mikononi mwa majirani, wahudumu wa zahanati na madereva wa ambulensi.

Rubani hupoteaje gizani

Kuna njia mbili za kuendesha ndege. Ya kwanza ni kuongozwa na macho: rubani huona upeo wa macho, milima, barabara na taa, na kwa hayo hujua kama ndege imekaa sawa na inaelekea wapi. Ya pili ni kuongozwa na mitambo iliyo mbele yake, bila kutazama nje kabisa. Helikopta nyingi zinazofanya kazi mashambani huendeshwa kwa njia ya kwanza.

Hatari kubwa hutokea rubani anayeongozwa na macho anapojikuta ghafla ndani ya wingu au ukungu. Mchana, mara nyingi huliona wingu likija na kuligeukia mbali. Usiku usio na mwezi halioni. Taa za chini zinafifia tu, halafu zinazimika, na hapo tayari yuko ndani.

Akishaingia, sikio lake humdanganya. Ndani ya sikio la binadamu kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyotusaidia kujua kama tunageuka au tumetulia. Ndege ikigeuka polepole na kwa muda, majimaji hayo hufikia mwendo wa ndege na mtu huacha kuhisi kwamba anageuka. Rubani akinyoosha ndege, sikio humwambia kwamba sasa anageukia upande wa pili. Watoto wanaocheza kwa kuzunguka zunguka kisha kusimama ghafla wanaijua hali hiyo: dunia huendelea kuzunguka ilhali miguu imetulia. Mtoto huanguka kwenye nyasi akacheka. Rubani huirudisha ndege kule sikio linakodai, ndege ikalala upande na kuanza kushuka bila yeye kujua.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watu 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kuruka kwa mitambo. Walikuwa kwenye ndege ndogo ya mabawa, na kuona kwao nje kulizuiwa. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani chini ya dakika tatu. Helikopta ni ngumu zaidi, kwa sababu nyingi haziwezi kujituliza zenyewe rubani akiziachilia usukani.

Fikiria pia mwendo. Helikopta inayokwenda kilomita 220 kwa saa hupita takriban mita 60 kila sekunde. Ikiwa ukungu umepunguza mwonekano hadi mita 500, rubani akiona mlima au mti mbele yake amebakiwa na sekunde nane hivi za kutambua, kuamua na kugeuka.

Nchi yetu ina magumu yake

Jiji la Eldoret limekaa kwenye uwanda wa juu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mashariki, uwanda huo unakatika ghafla kwenye ukingo wa Elgeyo na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Kaskazini kuna vilima vya Cherang'any, vyenye vilele vinavyopita mita 3,000. Magharibi kuna Mlima Elgon, wenye mita 4,321. Kusini kuna milima ya Nandi na Tinderet, na kusini mashariki ni Timboroa na misitu yake. Rubani anayetoka bondeni kuja Eldoret sharti apande ukuta wa mlima, na mara nyingi wingu huwa limekaa juu ya ukuta huo.

Hewa ya hapa ni nyepesi. Katika mwinuko wa Eldoret, hewa ina uzito wa takriban robo tatu hadi nne kwa tano ya hewa ya pwani, ikitegemea joto la siku. Panga za helikopta hupata hewa kidogo ya kushika, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Matokeo yake ni kwamba helikopta inayoweza kubeba mgonjwa, daktari, muuguzi na mafuta ya kutosha kule Mombasa huenda ikalazimika kupunguza mzigo huku kwetu. Ubaridi wa usiku husaidia kidogo, maana hewa baridi ni nzito zaidi. Lakini mafuta yakipunguzwa ili kupunguza uzito, rubani anabaki na nafasi ndogo ya kugeuza njia na kutafuta mahali pengine pa kutua hali ya hewa ikiharibika.

Macho nayo huathirika. Uwezo wa jicho kuona gizani huanza kupungua kuanzia mwinuko wa takriban mita 1,500 kwa sababu hewa ya oksijeni inapungua. Tuko juu ya kiwango hicho hata kabla ndege haijaondoka ardhini.

Hali ya hewa yenyewe hubadilika haraka. Mvua ya jioni ikiisha na mbingu zikafunguka, ardhi iliyolowa hupoa usiku na ukungu hujikusanya mabondeni na juu ya mashamba. Madereva wa barabara ya Eldoret kwenda Nakuru wanaujua ukungu wa Burnt Forest na Timboroa. Maeneo ya Nandi na Kericho yanajulikana kwa mvua ya mawe. Eldoret inaweza kuwa na nyota angani wakati kilomita 40 kutoka hapo huoni hata ng'ombe aliye mbele yako.

Halafu kuna nyaya za umeme. Laini kubwa za umeme hukutana kwenye kituo cha Lessos, kusini mwa Eldoret, zikitoka Turkwel, Olkaria na kwingineko. Mbali na hizo kuna nyaya ndogo zinazoingia vijijini, kwenye shule na zahanati, hasa mahali pale pale ambapo helikopta ingetaka kutua. Mchana nyaya huonekana kwa shida. Usiku hazionekani.

Takwimu zinasema nini

Nchi iliyochunguza sana suala hili ni Marekani, ambako helikopta za wagonjwa zimetumika kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulichunguza ajali 182 za helikopta hizo zilizotokea kati ya 1983 na Aprili 2005. Katika ajali hizo walikufa watu 184.

Ajali zilizotokea gizani zilileta vifo kwa asilimia 56, ilhali zile zisizo za gizani zilileta vifo kwa asilimia 24. Ajali zilizotokea katika hali mbaya ya hewa zilileta vifo kwa asilimia 77, ikilinganishwa na asilimia 31 katika hali nzuri. Kwa maneno mengine, helikopta ikianguka mchana hali ikiwa shwari, walio ndani wana nafasi nzuri ya kutoka hai. Ikianguka usiku ndani ya ukungu, nafasi hiyo ni ndogo sana. Sababu mojawapo ni kwamba rubani asiyeona mlima huugonga kwa kasi kamili.

Mwaka huo huo wa 2006, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu ajali 55 za ndege za wagonjwa zilizotokea katika miaka mitatu tu, kuanzia Januari 2002 hadi Januari 2005. Watu 54 walikufa. Bodi iliona kwamba ajali 29 kati ya hizo zingeweza kuzuiwa kama hatua zilizojulikana zingechukuliwa. Hatua hizo zilikuwa kupima hatari kabla ya kuruka, kufuata kanuni kali za hali ya hewa, kuwa na kituo kinachofuatilia safari, na kutumia vifaa vya kuonya kuhusu milima.

Hapa kwetu pia tumepoteza watu usiku. Tarehe 3 Machi 2019, helikopta ilianguka usiku katika eneo la Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana. Rubani Mkenya na abiria wanne Wamarekani walikufa. Haikuwa safari ya mgonjwa, lakini eneo lenyewe linaonyesha hali ambayo helikopta ya wagonjwa ingekutana nayo kaskazini mwa Bonde la Ufa: maji meusi, ardhi isiyo na taa, na hakuna mji wa karibu wa kumsaidia rubani kujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Hatari ya kutafuta rubani mwingine

Kuna ajali moja ambayo kila mtu anayeita ndege kwa ajili ya mgonjwa anapaswa kuijua. Ilitokea alfajiri, kabla ya kupambazuka, tarehe 13 Julai 2004 karibu na mji wa Newberry, jimbo la South Carolina, Marekani. Mtu alikuwa amegongwa na gari barabarani. Helikopta ziliombwa kutoka kwa watoa huduma kadhaa. Watatu walikuwa wamekataa safari hiyo kwa sababu ya hali ya hewa, na mmoja kati yao alikuwa amejaribu akarudi kwa ajili ya ukungu. Rubani wa nne hakuambiwa kwamba wenzake walikuwa wamekataa. Alikuja, akampakia mgonjwa, akaondoka, na muda mfupi baadaye helikopta ikaanguka. Rubani, muuguzi, mhudumu wa dharura na mgonjwa wote walikufa.

Aliyepiga simu hizo hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuokoa maisha. Lakini kila simu mpya ilianza upya, kana kwamba hakuna aliyekwisha kuangalia mbingu. Ndiyo maana kanuni nzuri ni hii: ukiomba ndege na mtoa huduma mmoja akakataa kwa sababu ya hali ya hewa, ukimpigia mwingine mwambie waziwazi kwamba wa kwanza alikataa, na kwa nini.

Kwa sababu hiyo hiyo, mashirika mengi ya ndege za wagonjwa duniani hayamwambii rubani habari za mgonjwa kabla hajaamua kama safari inawezekana. Rubani huulizwa tu kuhusu mahali, saa na hali ya hewa. Akiambiwa kwanza kwamba ni mtoto wa miaka minne anayekata roho, moyo wake utamsukuma kuondoka hata pale akili inapokataa. Katika mashirika hayo, mtu yeyote kwenye kikosi, awe rubani, daktari au muuguzi, akisema safari isifanyike, haifanyiki, na haulizwi kwa ukali baadaye.

Vifaa vipo, lakini vina mipaka

Wengine huuliza: mbona nchi nyingine zinaruka usiku? Ni kweli zinaruka, na kuna vifaa vinavyosaidia. Miwani ya kuonea gizani hukuza mwanga mdogo wa nyota na kumwezesha rubani kuona milima. Kipimo cha redio humwonyesha urefu kamili kutoka ardhini. Kifaa kingine hulinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya milima, kisha humwonya. Mtambo wa kujiendesha huishikilia ndege ikiwa imenyooka rubani anapochanganyikiwa. Mwaka 2014 Marekani ilitoa kanuni mpya zinazodai helikopta za wagonjwa ziwe na kifaa cha kuonya kuhusu milima, marubani wake wawe wamehitimu kuruka kwa mitambo, na hatari zipimwe kabla ya kila safari.

Hata hivyo miwani ya kuonea gizani haipenyi wingu. Nyaya nyembamba huenda isizionyeshe. Vifaa hivi pia ni ghali, na vinahitaji rubani anayevifanyia mazoezi mara kwa mara. Miwani aliyoivaa mara ya mwisho mwaka jana haiwezi kumwokoa leo.

Kwa kawaida hapa Kenya, ndege inayoongozwa na macho hairuhusiwi kuruka kati ya machweo na mawio bila idhini ya wanaoongoza safari za anga. Anayesimamia kanuni hizo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Katika eneo letu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja jioni, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza huingia dakika 20 hivi baadaye. Helikopta iliyoitwa saa kumi na moja jioni kutoka Nairobi huenda isiweze kufika, kumchukua mgonjwa na kurudi kabla ya giza.

Ndege ya mabawa ni habari tofauti kidogo. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, una njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5 na mitambo ya kuongoza ndege kutua. Ndege ya mabawa yenye marubani wawili waliohitimu kuruka kwa mitambo inaweza kusafiri usiku kati ya viwanja vya namna hiyo. Haiwezi kutua kwenye uwanja wa shule kijijini. Kwa hiyo mgonjwa atahitaji ambulensi ya kumfikisha uwanjani kwanza.

Helikopta si ya haraka kila wakati

Watu wengi huhesabu muda wa ndege kuwa hewani tu. Hesabu kamili ni ndefu zaidi. Helikopta nyingi za kukodi huegeshwa katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, takriban kilomita 260 kutoka Eldoret kwa mstari ulionyooka. Safari hiyo pekee huchukua zaidi ya saa moja. Ongeza muda wa kutafuta kibali, kupima hali ya hewa, kujaza mafuta na kukusanya kikosi. Ongeza muda wa kutua na kumtayarisha mgonjwa. Na kama helikopta itatua kwenye uwanja wa ndege ulio kilomita 16 kutoka katikati ya jiji, bado kuna safari ya ambulensi.

Sasa linganisha na barabara. Kutoka Burnt Forest hadi Eldoret ni takriban kilomita 40. Kutoka Iten ni takriban 35. Kutoka Kitale ni takriban 70. Kwa safari kama hizo, ambulensi yenye oksijeni, mhudumu aliyefunzwa na dereva anayeijua barabara humfikisha mgonjwa mapema kuliko helikopta inayotoka Nairobi, hata mchana. Helikopta huwa na faida kubwa pale barabara imekatika, kama Chesongoch, au pale umbali ni mkubwa sana.

La kufanya

Kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya:

• Amueni rufaa mapema. Mama aliyeanza uchungu asubuhi na ambaye leba haisongi, au mtoto mwenye nimonia anayepumua kwa shida saa nane mchana, asisubiri hadi jioni. Kila saa ya mchana inayopotea hufunga njia moja ya usafiri.

• Mgonjwa atulizwe hali kabla ya safari: njia ya hewa iwe wazi, damu izuiwe, dripu iwekwe, na mtungi wa oksijeni uhakikishwe umejaa.

• Pigieni simu hospitali inayompokea kabla ya kuondoka, ili damu na chumba cha upasuaji viwe tayari.

• Mkiulizwa kuhusu hali ya hewa, semeni mnachokiona. Je, taa za ng'ambo ya bonde zinaonekana? Mawingu yamegusa mlima? Kuna radi upande gani? Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege hakioni mawingu ya Kapsowar. Wewe uliye pale ndiwe jicho la rubani, na ukisema mbingu ni safi ilhali si safi, unamwita kwenye hatari.

Kwa familia na majirani:

• Msimu wa mvua ukiwa umeanza, kama nyumbani kuna mja mzito aliyekaribia kujifungua au mgonjwa wa moyo, figo au pumu, jueni mapema ni gari la nani litatumika usiku na ni njia ipi haikatiki. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu anaweza kuwasaidia kupanga.

• Ikiwezekana, mama mwenye ujauzito wenye matatizo asogee kukaa karibu na hospitali wiki chache kabla ya kujifungua.

• Wanaoishi chini ya miteremko wahame kwa muda onyo la mvua kubwa linapotolewa.

• Msimshinikize rubani wala daktari kwa kumwambia kwamba mgonjwa akifa lawama ni zake. Maneno hayo yamewahi kuzipandisha ndege ambazo hazikupaswa kupaa.

• Barabarani, ipisheni ambulensi. Dakika mnazomwokolea dereva huyo ndizo mlizotamani helikopta iwapatie.

Helikopta inapokuja, mchana au kwa idhini usiku:

• Chagueni mahali tambarare, pasipo miti wala nyaya, angalau mita 30 kwa 30, na pakubwa zaidi ikiwa ni usiku. Mwambieni rubani kwa simu au redio mahali nyaya zote zilipo.

• Ondoeni mabati, mifuko ya plastiki, kofia na leso. Upepo wa panga huvirusha vitu hivyo hadi kwenye injini au machoni pa watu.

• Msimulike ndege kwa tochi, simu au taa za gari. Jicho la rubani huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mkali wa sekunde moja hulirudisha nyuma.

• Msiikaribie hadi kikosi kiwape ishara. Mkikaribia, pitieni mbele ambapo rubani anawaona. Kamwe msipitie mkiani. Kwenye mteremko, msikaribie kutoka upande wa juu, kwa sababu panga huko ziko karibu na ardhi.

• Watoto na mifugo wawekwe mbali.

Kwa dharura yoyote, nambari za bure za polisi ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Anayepiga simu ataje kwanza mahali alipo kwa jina la kijiji, shule au soko la karibu, halafu hali ya mgonjwa, halafu hali ya barabara na ya hewa. Asikate simu hadi aambiwe. Akiambiwa kwamba helikopta haiwezi kuruka usiku huo, swali linalofuata liwe: ambulensi ya karibu iko wapi, na tukutane nayo wapi njiani?